Windows 11 kwa laptopu ya zamani: jua kinachoiangusha kabla hujaformati tena

Tangu Microsoft ifunge Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kazi inayoingia kwa meza za mafundi hapa Kisumu imekuwa ile ile. Laptopu ya ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha tano ama cha sita, imewekewa Windows 11 kwa njia ya kuruka ukaguzi wa masharti ya Microsoft, ikaenda vizuri siku za kwanza, saa hii inaganda, inajirestati katikati ya kazi, ama ikilala haiamki. Na maneno yanayokuja nayo pia ni yale yale, "hii Windows imeikataa mashine yangu", alafu suluhisho linakuwa kuformati, ikirudi na shida inaformatiwa tena, mpaka mwenyewe anachoka anaiuza kwa bei ya kutupa.

Mimi nasema mara nyingi Windows haijakataa kitu. Kuna mambo matatu watu wanayachanganya. Kuna mashine kuzeeka, yaani RAM, diski, betri, chaja, joto. Kuna draiva, zile programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuongea na vifaa vya mashine, ambazo mtengenezaji aliziandika kwa Windows ya zamani na hakurudi kuzigusa. Alafu kuna vile Windows yenyewe iliwekwa, kutoka kwa faili gani na kwa njia gani. Kila moja ina dalili zake. Kuformati kunagusa hilo la tatu na sehemu ya hilo la pili, la kwanza hakuligusi kabisa, na la kwanza ndilo ninaliona sana kwa hizi mashine za miaka nane, tisa, kumi. Ni kama kupaka ukuta rangi na bomba linavuja ndani.

Microsoft inataka nini hasa

Windows 11 ilitoka Oktoba 2021 na masharti yake ni chipu ya TPM 2.0, BIOS (programu ya bodi inayowaka kabla ya Windows) ya aina ya UEFI yenye Secure Boot, RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, na prosesa iliyo kwa orodha yao, ambayo kwa Intel inaanzia kizazi cha nane ukitoa chache sana za kizazi cha saba. Kizazi cha nane kilianza kutoka 2017. Sasa angalia zile laptopu zimejaa madukani hapa mjini na kule Nakuru, nyingi ni kizazi cha sita kurudi chini, kwa hiyo kwa hesabu ya Microsoft karibu meza nzima iko nje.

Lakini masharti hayo mengi ni ya usalama. TPM ni chipu ya kuhifadhi funguo za siri, Secure Boot inazuia programu isiyojulikana kuwaka kabla ya Windows. Ukikosa TPM 2.0 umekosa kinga fulani na hiyo ni hasara ya kweli, ila skrini haigandi juu ya kukosa TPM. Rufus, ile programu ya kutengeneza flashi ya kuinstoli, ikikutengenezea flashi na kukuondolea ukaguzi, inachofanya ni kuambia kiinstola kiruke maswali, basi. Kinachoingia kwa diski ni Windows ile ile iliyo kwa laptopu mpya. Na ukifungua ile skrini nyeusi ya amri ukiandika ver, Windows 11 yenyewe bado inajiita 10.0, na ndio maana draiva nyingi za Windows 10 zinaingia na kufanya kazi bila kelele.

Mpaka halisi upo, na hauna mjadala. Kuanzia toleo la 24H2, lililotoka Oktoba 2024, Windows inahitaji prosesa yenye amri za SSE4.2 na POPCNT. Core 2 Duo haina POPCNT. Hiyo haitakuwa na "shida ya kuganda", haitawaka kabisa, na hakuna fundi wa kuizunguka. Kuanzia Core i za kwanza kwenda juu amri hizo zipo.

Kwa hivyo kuwa nje ya orodha maana yake kwa kazi ya kila siku ni mbili. Hakuna mtu amejaribu mashine yako na hii Windows na kuahidi draiva zake zitaenda sawa, na lile toleo jipya la kila mwaka halitakuja lenyewe, itabidi uliweke kwa mkono. Apdeti za kila mwezi kwa kawaida zinaendelea kuingia ingawa Microsoft wamesema wazi kwamba mashine za aina hii hazina haki ya kuzidai.

Soma kwanza, usiguse

Hapa ndipo nataka watu wakae kidogo, maana ndipo kazi yote iko. Windows inaandika kila inapoanguka. Inaandika hadi saa na dakika. Lakini wengi hatufungui.

Anza na kubonyeza kitufe cha Windows na R, andika perfmon /rel. Itakuja chati ya siku, yenye alama nyekundu za X kila siku kitu kilipoanguka. Chati hii pekee inajibu swali kubwa: shida ilianza lini, na siku hiyo kuliingia nini? Ukiona X zimeanza siku ile ile draiva ya grafiki iliapdetiwa, umeshapata pa kuanzia. Ukiona zimetapakaa bila mpangilio, mara leo programu hii, kesho ile, keshokutwa Windows yenyewe, anza kushuku RAM ama diski, kwa sababu draiva mbovu huwa inarudia kosa moja.

Alafu ingia Event Viewer, ile daftari ya matukio ya Windows, sehemu ya Windows Logs, kisha System, utafute Kernel-Power namba 41. Karibu kila laptopu inayojizima inayo. Watu wanaiona wanasema "ni pawa" na kufunga, lakini 41 inasema tu kwamba mashine iliwaka bila kuwa imezimwa vizuri, sababu haitaji. Sababu iko ndani, ukifungua Details utaona BugcheckCode, yaani namba ya kosa. Kama ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuonyesha kosa: stima ilikatika, ama iliganda kabisa na mtu akashikilia kitufe cha kuwasha, ama ilizimwa na joto. Kama kuna namba nyingine, basi kulikuwa na skrini ya kosa hata kama hukuiona. Na hapa kuna kitu kinapotosha wengi: namba hiyo imeandikwa kwa hesabu ya kawaida ya kumi, wakati maelezo yote utakayopata mtandaoni yanatumia ile ya kumi na sita. 307 ndiyo 0x133. 159 ndiyo 0x9F. 292 ndiyo 0x124. 278 ndiyo 0x116. Ukitafuta 307 mtandaoni hutapata kitu cha maana, geuza kwanza na kalkuleta ya Windows ikiwa kwa Programmer.

Ukitaka kujua draiva gani, nenda C:\Windows\Minidump, faili zilizo hapo zifungue na BlueScreenView, ni programu ndogo ya bure. Ikikutajia igdkmd64.sys hiyo ni grafiki ya Intel, ikikutajia Netwtw na namba hiyo ni waifai ya Intel, iaStor na herufi zake ni draiva ya diski. Ikikutajia ntoskrnl.exe usikimbie kulaumu Windows, hiyo ni roho ya mfumo na mara nyingi inatajwa kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazini wakati kosa lilipotokea. Na kama folda iko tupu wakati skrini ya kosa umeiona kwa macho yako, angalia kama kuna "programu ya kuongeza spidi" imezima pagefile, ile faili Windows inatumia kama RAM ya ziada, kwa diski C, maana bila hiyo ripoti haina pa kuandikiwa. Kama ripoti haipo na pagefile iko sawa, hilo lenyewe ni dalili, nitalirudia hapo chini.

Jambo lingine la kufanya mapema kabisa: kwa Windows na R andika sysdm.cpl, nenda Advanced, alafu Startup and Recovery, utoe tiki kwa Automatically restart. Sasa mashine ikianguka itakaa hapo na jina la kosa, usome, upige picha na simu. Matoleo ya sasa skrini hiyo ni nyeusi badala ya bluu, kwa hivyo mteja akikuambia "inakuwa tu black" muulize kama kuna maandishi.

Chuma kilichozeeka

Nakupa mfano mmoja kamili. Mwalimu wa sekondari upande wa Ahero alileta laptopu, i5 kizazi cha sita, RAM GB 8, SSD (diski isiyo na sehemu za kuzunguka) ya bei rahisi ya SATA. Akasema, "Fundi, hii imeformatiwa mara mbili kwingine, na kila nikianza kuweka maksi inaganda, mausi inatembea lakini hakuna kitu kinafunguka, alafu baadaye hata mausi inasimama." Nikamwambia, "Mwalimu, niachie leo, siiformati." Kwa chati ya perfmon X ziko kila siku ya shule. Kwa Event Viewer kuna 41 zenye BugcheckCode 0, na folda ya Minidump ni tupu. Lakini kabla ya kila 41, dakika moja ama mbili nyuma, kuna mistari ya onyo kutoka storahci, namba 129, "Reset to device, \Device\RaidPort0, was issued". Hiyo ni Windows inasema: nimeita diski, diski haijajibu, nimeigonga ianze upya.

Hapo ndipo ile dalili ya folda tupu inaeleweka. Diski ikipotea, Windows haina mahali pa kuandika ripoti ya kifo chake, kwa hivyo ukosefu wa ripoti unakuonyesha diski. Nikafungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, afya inaonyesha Good, asilimia iko juu, na mtu angeishia hapo. Lakini mstari wa C7, ule wa makosa ya CRC, ulikuwa na namba kubwa na ilikuwa inaongezeka nikikopi faili kubwa. C7 ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na bodi, haisemi diski ni mbovu, inasema njia ni mbovu. Kwa laptopu ya aina hii njia ni ribeni fupi inayounganisha ile diski ya inchi 2.5. Ribeni ilikuwa imekunjika na kontakti zake zimeingia vumbi, ikabadilishwa. Namba ya C7 hairudi chini kamwe, kwa hivyo usingoje iwe sifuri, unachoangalia ni kama imesimama. Ilisimama, na 129 zikaisha. Windows 11 ile ile, bila kuformati.

Kwa diski pia angalia 05 na C5. Hizo zikiwa na namba inayopanda, diski yenyewe inakufa, toa data leo, mambo ya Windows yatangoja. Na zile SSD zisizo na jina za bei ya chini sana, kuna zinazodanganya ukubwa, inaandikwa GB 512 na ndani ni ndogo zaidi, zinaenda vizuri mpaka ujaze pale ukweli unapoishia alafu faili zinaanza kuharibika. H2testw itaijaza yote na kusoma tena, ukweli utatoka. Nyingine ni za kweli lakini hazina kumbukumbu yake ya haraka, ukikopi kitu kikubwa zinasimama na Task Manager inaonyesha diski asilimia 100. Hiyo ni uchovu wa diski, usiite ugonjwa wa Windows 11.

RAM. Hizi laptopu zimepita mikono mingi na kila mkono umeongeza ama umetoa kitu. Mashine nyingi za kizazi cha nne na cha tano zinataka DDR3L ya volti 1.35, mtu anaweka DDR3 ya kawaida ya volti 1.5, wakati mwingine haiwaki na hiyo ni bahati nzuri, wakati mwingine inawaka na kuleta makosa ya ajabu. Tengeneza flashi ya MemTest86, programu ya kupima RAM, iache ifanye mizunguko yote minne usiku kucha. Kosa moja tu ni kosa, hakuna "ni kidogo". Toa kipande kimoja, pima kingine, badilisha nafasi, maana wakati mwingine RAM ni nzima na nafasi yake kwa bodi ndiyo imechoka.

Joto na stima nitavizungumzia pamoja kwa sababu hapa kwetu vinakuja pamoja. Kisumu mchana jua likiwa kali, chumba cha saiba kikiwa na mabati juu, laptopu iliyotengenezwa kwa ofisi ya Uingereza inavuta hewa ya moto tayari. Fani imejaa vumbi, ile pesti kati ya prosesa na bomba la kupoza imekauka imekuwa kama chaki. Prosesa ikikaribia digrii 100 inajipunguza spidi yenyewe, na ikizidi inajizima papo hapo, hapo ndipo 41 yenye 0 inatoka. Weka HWiNFO, programu inayoonyesha joto, acha mashine ifungue kurasa nyingi na video kwa nusu saa, angalia namba. Kusafisha na kuweka pesti mpya ni kazi ya shilingi chache na nimeona mashine nyingi zilizoitwa "zimekataliwa na Windows" zikitulia kwa hilo tu.

Kwa stima, tazama betri kwanza. Kwa ile skrini nyeusi ya amri andika powercfg /batteryreport, fungua ile faili, linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Kama ya pili imebaki robo, mashine yako inaishi kwa chaja, na stima ikitetemeka hata kwa nusu sekunde, ile ambayo taa inafifia tu na kurudi, laptopu inajirestati. Desktopu haina hata betri, ndio maana zinaumia zaidi.

Alafu chaja yenyewe. Laptopu kadhaa, za Dell zinajulikana kwa hili, zinasoma chipu ndogo ndani ya chaja kupitia pini ya katikati. Zikiona chaja haijulikani zinajishusha spidi kabisa na kukataa kuchaji betri. Mtu ananunua chaja ya kuiga, jioni anaanza kulalamika Windows 11 ni nzito. Angalia Task Manager, sehemu ya CPU: kama spidi imegandia chini ya 1 GHz hata ukifungua vitu, na kwa Event Viewer kuna Kernel-Processor-Power namba 37 ikisema spidi imezuiliwa na fimwea, yaani programu ya ndani ya bodi, basi shida ni chaja ama joto. Hakuna kuformati kutakosaidia hapo.

Njia ya haraka ya kutenganisha

Chukua flashi, weka Linux Mint, mfumo mwingine wa bure usio Windows, iwashe bila kuinstoli, ifanye kazi saa kadhaa, fungua video, fungua kurasa nyingi. Ikianguka pia hapo, Windows imeondoka kwa kesi kabisa, umebaki na RAM, joto, stima au bodi. Ikikaa sawa, usikimbilie kusema "basi ni Windows", kwa sababu Mint ikiwa kwa flashi haigusi SSD yako. Umebaki na SSD na ribeni yake, draiva, na Windows. Fungua CrystalDiskInfo na zile 129 kama nilivyoeleza, zikiwa safi basi sasa nenda kwa draiva.

Draiva, hapa ndipo kukosa sapoti kunauma kweli

Mtengenezaji wa laptopu yako aliandika draiva za mwisho za modeli hiyo miaka kadhaa iliyopita. Windows Update haijui hilo, inaleta draiva ya jumla iliyoonekana inafaa, inaiweka juu ya ile ya mtengenezaji, na baada ya hapo skrini inapepesa, waifai inapotea, ama ikilala haiamki.

Grafiki ndiyo ya kwanza. Windows inaipa draiva ya grafiki sekunde 2 kujibu, isipojibu inaianzisha upya, na ikishindwa kuanza ndio unapata VIDEO_TDR_FAILURE, yaani 0x116. Ingia Device Manager, bonyeza grafiki, Driver, Roll Back. Kama hakuna cha kurudi nyuma, nenda kwa tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, utafute modeli yako kamili, uchukue draiva ya Windows 10 biti 64, uiweke. Ndiyo, ya Windows 10. Kwa grafiki za zamani hiyo hukaa vizuri kuliko mpya ya jumla. Alafu zuia isirudishwe: kwa Windows Pro kuna sera inaitwa "Do not include drivers with Windows Updates", kwa Home tumia Device installation settings uchague No.

Ile ya kulala na kutoamka, 0x9F, DRIVER_POWER_STATE_FAILURE, inasema kuna draiva imeombwa kubadilisha hali ya pawa ikakaa kimya. Mara nyingi ni waifai ama USB ama touchpadi. Kabla ya yote zima Fast Startup, kwa amri ya powercfg /h off ukiwa administreta. Wengi hawajui kwamba na Fast Startup ikiwa imewashwa, ukibonyeza Shut down Windows haijazima kabisa, imehifadhi roho ya mfumo na draiva zake kwa diski na kuzirudisha asubuhi zikiwa na uchafu wa jana, ila Restart ndiyo inasafisha kweli. Ndio maana unasikia mtu akisema "nikirestati inakuwa sawa, nikizima na kuwasha shida inarudi". Kwa mashine za umri huu mimi nazima Fast Startup kama kawaida, sekunde chache za kuwaka polepole hazinisumbui.

DPC_WATCHDOG_VIOLATION, 0x133, hiyo kwa uzoefu wangu nenda moja kwa moja kwa draiva ya diski. Laptopu nyingi za kampuni zilikuja na diski kwa hali ya RAID kwenye BIOS na draiva ya zamani ya Intel ya iaStor. Kuhamia AHCI, hali ya kawaida zaidi ya bodi kuongea na diski, na draiva ya Microsoft yenyewe husaidia, lakini usibadilishe BIOS hivi hivi, utapata INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Kwanza kwa msconfig weka tiki ya Safe boot, restati, ingia BIOS ubadilishe kuwa AHCI, iache iwake kwa Safe Mode ijipatie draiva, alafu toa tiki. Na kabla ya kugusa BIOS kwa sababu yoyote, andika manage-bde -status uone kama diski imefungwa na BitLocker, kufuli ya siri ya Windows. Ikiwa imefungwa na huna ufunguo wa kurudisha, simama hapo mpaka uupate, nimeona watu wakipoteza picha za familia kwa hilo.

Kuna kitu kimoja cha Windows 11 ambacho kwa kweli kinalemea prosesa za zamani, nacho ni Memory integrity, iko kwa Windows Security, Device security, Core isolation. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha saba zina uwezo ndani ya chuma unaoirahisisha, za chini yake Windows inauigiza kwa programu na mashine inakuwa nzito. Pia inagombana na draiva za zamani. Kama imewashwa na laptopu ni kizazi cha sita, unaweza kuizima ukijua umeacha kinga moja, na mimi naona kwa mashine inayoshughulikia pesa za watu afadhali uvumilie uzito.

0x124, WHEA, sitaisema sana: hiyo ni chuma kinaripoti chuma. Rudi kwa joto, RAM na BIOS. Apdeti ya BIOS inaweza kusaidia, ila ifanye betri ikiwa nzima na chaja imechomekwa, siku ambayo stima imetulia, kwa sababu ikikatika katikati umebaki na bodi iliyokufa.

Windows uliyoweka ilitoka wapi

Hili linaniuma. Faili nyingi zinazozunguka kwa flashi hapa mjini hazikutoka Microsoft. Zimekatwakatwa ziwe nyepesi, Defender, ile kinga ya virusi ya Windows, imetolewa, Windows Update imetolewa, na ndani kuna kiamsha cha leseni ambacho hakuna anayejua kinafanya nini kingine. Mashine inaenda haraka siku ya kwanza, mteja anafurahi, alafu baada ya mwezi printa haiingii, apdeti zinafeli, programu zinaanguka, na lawama inaangukia "laptopu haisapotiwi". Haiwezekani kuchunguza mfumo ambao vipande vyake vimetolewa na mtu usiyemjua. Chukua ISO, yaani faili nzima ya kuinstoli, kutoka kwa Microsoft wenyewe, ni bure kudawnlodi, hiyo ndiyo uiweke na Rufus.

Kama Windows ni halali lakini faili zimeharibika, labda na zile stima za kukatika, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth alafu sfc /scannow, kwa mpangilio huo. Zikishindwa kuna njia ya kuirekebisha juu kwa juu bila kupoteza faili wala programu: fungua ISO ukiwa ndani ya Windows na uendeshe setup. Kwa mashine isiyo kwa orodha itakukatalia, lakini watu wanaiendesha kwa amri setup.exe /product server na inapita, maandishi yatasema Windows Server ila kinachoingia ni Windows 11 yako ya kawaida. Njia hiyo hiyo ndiyo ya kupandisha toleo. Na usiache kupandisha, kwa Home na Pro toleo la 23H2 lilifungwa Novemba 2025 na 24H2 linafungwa 13 Oktoba 2026. Bakapu kwanza, kwa diski nyingine, kila mara.

Badilisha kitu kimoja, tumia mashine kwa siku chache, angalia ile chati ya perfmon, ndio uende kingine. Ukibadilisha vinne kwa pamoja na itulie hutajua ni kipi, na ikirudi utaanza mwanzo.

Kuna laptopu sipendekezi zilazimishwe. RAM GB 4 isiyoongezeka na diski ya kuzunguka, Windows 11 itakuwa mateso hata kama haianguki. Kama iko na Windows 10 bado, kuna apdeti za ziada za usalama mpaka 13 Oktoba 2026, unajiandikisha kwa Settings, upande wa Windows Update, ni bure ukikubali kuunganisha mipangilio na akaunti ya Microsoft, ama dola 30. Kama kazi ni mtandao, barua na kuandika, Linux Mint inakaa vizuri kwa chuma hicho, ila ukitegemea Excel yenye makro jaribu kwanza faili zako zote kwa ile flashi ya majaribio kabla hujafuta chochote.